Muhtasari Unasema Watu 412, Mimi Niliwahesabu 63

Mpendwa Mama Mshauri, shikamoo.

Mimi ni kijana wa miaka 29, mzaliwa wa Simanjiro mkoani Manyara, na kwa miaka mitatu sasa ni afisa miradi katika shirika lisilo la kiserikali linalosaidia vijiji vya ukanda wetu kulinda ardhi ya malisho na mapito ya wanyamapori. Ofisi yetu ipo Arusha na tuko watu kumi na mmoja tu: mkurugenzi ambaye ndiye mwanzilishi, meneja wa miradi, mhasibu, mtaalamu wa ramani, maafisa tunaoshinda vijijini, na dereva ambaye amekaa shirikani kuliko sisi sote isipokuwa mkurugenzi. Kazi hii naipenda. Nilisomeshwa kwa ng'ombe aliowauza marehemu baba, na ng'ombe hao walilishwa katika uwanda uleule ambao leo nalipwa mshahara niulinde, uwanda ambao kila masika nyumbu na pundamilia wa Tarangire huja kuzalia.

Kijiji ninachokieleza nitaomba nisikitaje jina. Tunakisaidia kukamilisha mpango wa matumizi ya ardhi, na hatua nyingi zimekwisha kupita: timu ya wilaya ilikuja, mipaka ikakubaliwa na vijiji jirani, bikoni zikasimikwa, kamati ya usimamizi wa matumizi ya ardhi ikachaguliwa, na ramani ikachorwa, upande wote wa kusini ukipakwa rangi ya kijani ya malisho. Kilichobaki ni mkutano mkuu wa kijiji kuupitisha. Siku ya mkutano mvua ilinyesha tangu alfajiri, korongo likajaa, na watu wa vitongoji viwili wakashindwa kuvuka. Nina mazoea ya kuhesabu vichwa kila ninapoingia kwenye kikao. Siku ile walikuwa 63, mimi na dereva tukiwa nje ya hesabu. Mwenyekiti alifungua kwa sala, ramani ikatundikwa kwenye ukuta wa darasa, watu wakanywa soda, kisha baada ya mabishano mafupi mwenyekiti akatangaza kwamba akidi haikutimia na mkutano utaitishwa tena. Kura haikupigwa.

Siku tisa baadaye mtendaji wa kijiji alinikabidhi bahasha niipeleke ofisini, nami niliipeleka bila kuifungua. Meneja alipoifungua mbele yangu, ndani mlikuwa na muhtasari unaosema kwamba mkutano mkuu ulihudhuriwa na watu 412 na kuupitisha mpango kwa kauli moja, pamoja na kurasa za mahudhurio zenye sahihi na alama za dole gumba. Usiku nilizipitia kurasa zile moja baada ya nyingine, nikagundua kwamba majina ya mwanzo yamenakiliwa kutoka orodha ya semina ya malisho tuliyoifanya mwaka jana. Nalijua hilo kwa sababu orodha ya semina niliiandika kwa mkono wangu, na kwa haraka zangu niliruka namba 41. Nilitoka 40 nikaenda 42. Orodha hii mpya nayo haina namba 41.

Nilimweleza meneja. Alinijibu kwamba mfadhili anakuja baada ya wiki sita, kwamba malengo yetu ya mwaka yanapimwa kwa hekta zilizolindwa na hati zilizotolewa, na kwamba fedha za awamu ijayo, mishahara ikiwemo, zinategemea kijiji hiki. "Muhtasari umeletwa na kijiji, hukuuandika wewe," aliniambia. "Kazi yako ni kuuambatisha kwenye ripoti na kusaini kwamba ulikuwepo." Mkataba wangu unakwisha mwezi wa Desemba.

Lipo na la nyumbani. Baba mdogo, aliyenilea baada ya baba kufariki, ndiye mwenyekiti wa kamati ya malisho ya kijiji hicho, na naamini jambo hili analijua. Alinipigia simu kabla sijampigia. Anasema yupo mfanyabiashara anayetafuta ekari 500 za kulima maharage katikati ya eneo la kijani, kwamba baadhi ya wajumbe wa halmashauri ya kijiji wamekwisha kulainika, na kwamba tukisubiri mkutano mwingine trekta litatutangulia. Aliniuliza kama ng'ombe watakula ukweli wangu kiangazi kikifika. Sikuwa na jibu, kwa maana ukame wa 2021 na 2022 ulimfilisi kwa macho yangu.

Lakini ndani ya eneo hilohilo la kijani wapo wanawake 28, wengi wao wajane, wenye mashamba ya mahindi ya ekari mbili au tatu waliyogawiwa na halmashauri iliyopita kwa vikaratasi vyenye mhuri wa mtendaji. Wanaishi ng'ambo ya korongo lililojaa. Katika orodha ya mahudhurio nimewakuta tisa kati yao, kwa dole gumba, eti wameupitisha mpango unaowaondoa.

Nami sina usafi wa kuwasema wengine. Siku ya mkutano nilituma picha kwenye kundi la WhatsApp la ofisi, na kabla ya kuipiga nilisogea karibu na mabenchi ya mbele ili uwazi wa nyuma usionekane, kisha nikaandika kwamba mkutano unaendelea vizuri. Dereva ndiye pekee niliyemweleza yote haya. Aliniambia nisaini nilinde ugali wangu. Tulipokaribia Arusha akasema kwamba angekuwa yeye, asingelala.

Nifanyeje, Mama?

Afisa wa uwandani, Simanjiro

*

Marahaba, mwanangu.

Nianze na sahihi, kwa kuwa ndiyo iliyo na tarehe. Usisaini. Usisaini hata kwa maneno ya kujikinga kama "nimepokea" au "kwa niaba ya kijiji," kwa sababu ulichoombwa si kupokea karatasi bali kuthibitisha kwamba ulikuwepo, na wewe ulikuwepo kweli, ukahesabu, ukaona mkutano ukiahirishwa. Meneja wako anasema hukuuandika muhtasari ule, na hapo ana haki; lakini ukisaini, ushuhuda wa uongo ndani yake utakuwa wako, na siku ukihojiwa hutakuwa na mtendaji wa kumsingizia.

Sasa niichukue hoja ya baba yako mdogo, ambayo kwangu ndiyo hoja nzito kuliko zote ulizonitajia, nzito hata kuliko mishahara. Mzee hajasema uongo ni mzuri. Amesema muda hautoshi na adui yuko mlangoni. Mtu aliyezika ng'ombe wake kwa ukame hajibiwi kwa semina ya maadili, anajibiwa kwa kuonyeshwa kwamba njia aliyoichagua haimfikishi anakotaka kwenda.

Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999, halmashauri ya kijiji, yenye wajumbe kati ya 15 na 25, inaisimamia ardhi kama mdhamini tu. Haiwezi kumgawia mtu ardhi wala kumpa hatimiliki ya kimila, yaani hati ya kumiliki ardhi ya kijiji, bila mkutano mkuu wa kijiji kuridhia kwanza, na mkutano mkuu maana yake ni wakazi wote wa kijiji wenye umri wa miaka 18 na kuendelea. Kadhalika eneo la kijiji halitengwi kuwa la matumizi ya pamoja kwa pendekezo la halmashauri peke yake. Ni lazima mkutano mkuu ulikubali. Kwa hiyo kinachosimama kati ya mfanyabiashara yule na ekari zake 500 si ramani ya kijani, wala si shirika lenu, wala si mfadhili. Ni ulazima wa kuwakusanya watu na kuwauliza. Mtendaji aliyeweza kuwaandika watu 412 mezani kwake kwa ajili ya malisho anaweza kuwaandika haohao 412 kwa ajili ya maharage, na safari hiyo bahasha haitapitia mikononi mwako. Baba yako mdogo, kwa nia ya kuufunga mlango, ameonyesha kila mwenye mhuri kwamba mlango hauna komeo.

Tena fikiria mfanyabiashara huyo akinyimwa eneo kwa kuonyeshwa mpango huu. Atatafuta wakili, wakili ataomba muhtasari, na muhtasari hautadumu asubuhi moja. Atamwita mama mmoja kati ya wale tisa na kumuuliza siku ile alikuwa wapi. Ataomba hesabu za shirika. Hapa niseme jambo ambalo hukuliandika lakini lazima mhasibu wenu analo: risiti za soda. Ikiwa mlinunua kreti tatu, hizo ni chupa 72, zinazotosha watu 63 na mabaki. Je, wale wengine walikunywa nini? Mtu anapobuni mahudhurio husahau kwamba masurufu, yaani fedha za matumizi ya safari na kikao, yana marejesho yake, na marejesho yamekwisha kufungwa kwa hesabu ya kweli. Mkaguzi yeyote wa hesabu akiweka karatasi mbili hizo ubavu kwa ubavu hatahitaji hata kuiona namba 41.

Nimefanya kazi miaka mingi upande wa pili wa meza, nikisoma ripoti za mashirika ya namna yenu kabla hazijapelekwa kwa wenye fedha, na nakuambia kwamba ucheleweshaji ulioelezwa vizuri haukuwahi kunishtua. Mvua hunyesha, makorongo hujaa. Kilichonishtua kila mara ni kijiji kizima kupitisha jambo la ardhi kwa kauli moja. Wamasai wanaweza kubishana siku nzima juu ya kisima, halafu wagawe uwanda wote wa kusini pasipo mtu hata mmoja kusimama kupinga?

Ofisi nyingi zimeipenda hekta kwa sababu inaingia kwenye jedwali, zikasahau ilikotoka. Wahadzabe, wale wawindaji wa bonde la Yaeda, walipopata hati yao ya pamoja mwaka 2011, ya eneo linalozidi hekta 20,000, habari iliyosambaa ilikuwa ukubwa wa eneo. Edward Loure, mtoto wa huko kwenu Simanjiro, alipopewa Tuzo ya Mazingira ya Goldman mwaka 2016 kwa kazi ya kuzipatia jamii za wafugaji na wawindaji hati za namna hiyo, iliyotajwa tena ni idadi ya ekari. Lakini hati ya pamoja haina nguvu kuliko makubaliano yaliyo nyuma yake. Pale Terrat, ambako tangu mwaka 2005 kijiji kimekuwa kikilipwa na kampuni za utalii ili uwanda wa nyasi fupi usilimwe, hakuna ukuta unaozuia jembe. Kilichopo ni wanakijiji wenyewe kujua walikubaliana nini na kwa malipo gani. Na katika wilaya jirani ya Kiteto, vijiji vya Olkitikiti, Lerug na Ngapapa vilipoamua kupanga malisho yao kwa pamoja, viliunganisha vipande vya majina yao vikapata jina la OLENGAPA, ili kila kijiji kijisikie kimo. Hati za namna hii zitalindwa na nani, mwanangu, ikiwa wanaotajwa kuzipitisha watazisikia kwa mara ya kwanza siku ya kufukuzwa shambani?

Wanawake hao nimewafikiria kuliko mtu mwingine yeyote katika barua yako. Huenda ukakuta kwamba wao nao waligawiwa mashamba na halmashauri iliyopita bila mkutano mkuu kuridhia, na kama ni hivyo vikaratasi vyao vina kasoro ileile iliyomo katika muhtasari wenu. Meneja wako atakapoligundua hilo atataka kulitumia dhidi yao. Usikubali litumike upande mmoja. Kama utaratibu ulirukwa kwao kwa sababu hawakujua, na ukarukwa tena kwenu mnaoujua, basi mambo yote mawili yarudi mbele ya mkutano uleule na yaamuliwe siku ileile: ama mashamba yao yakatwe kutoka kwenye kijani na kuandikwa kuwa ya kilimo, ama wapewe eneo mbadala lenye rutuba linalolingana na walichonacho kabla ya kuondoka, ama wasajiliwe kama kikundi. Mimi nisingeficha kwamba napendelea la kwanza. Mashamba 28 ya ekari mbili au tatu hayafiki hata ekari 90, nanyi mnazozana na mtu mwenye trekta anayetaka 500. Mtaalamu wenu wa ramani akiyakata kwa mstari mmoja, hakuna ng'ombe atakayekosa njia ya kupita. Mkumbuke pia kwamba sheria hiyo ya 1999 inaibatilisha mila yoyote inayomnyima mwanamke kumiliki au kutumia ardhi kihalali, na kwamba hata Baraza la Ardhi la Kijiji, lile la kusuluhisha migogoro ya ardhi, lenye wajumbe 7 haliwi baraza halali bila wanawake 3 ndani yake. Sijui ni nani aliyewashauri mchore ramani kwanza na kuwauliza wajane baadaye, lakini hata kama mvua isingenyesha, hilo lingewarudia.

Nije kwako na picha yako. Umeifanya dhambi hiyo iwe ndogo kwa kuiweka mwishoni mwa barua, baada ya makosa ya watu wengine, lakini kwa mpangilio wa siku ndiyo ya kwanza. Ofisi iliona benchi za mbele zimejaa na maneno ya afisa wao kwamba mambo yanakwenda vizuri. Meneja alipoipokea ile bahasha alikuwa tayari ana picha ya kuiamini. Kwa hiyo karatasi ya kwanza utakayoiandika isiwe malalamiko dhidi ya mtu, iwe marekebisho ya taarifa yako mwenyewe. Iandike kwa meneja, nakala kwa mkurugenzi, isizidi ukurasa mmoja. Taja tarehe, hali ya mvua, vitongoji vilivyoshindwa kuvuka, idadi ya watu uliowahesabu, tamko la mwenyekiti kuhusu akidi, na kwamba kura haikupigwa. Kisha eleza kwamba picha uliyoituma ilipigwa kwa karibu na haionyeshi mahudhurio halisi. Halafu eleza, bila kuongeza neno, kwamba orodha uliyoonyeshwa inafanana na orodha ya semina ya mwaka jana hadi kwenye namba iliyorukwa, na uambatishe nakala ya ile ya semina.

Usiandike kwamba mtendaji ameghushi. Kughushi ni kosa la jinai, na wewe hukumwona mtu akiandika. Uliyaona majina tu. Inawezekana ni mtendaji, inawezekana ni mtu aliyemshinikiza mtendaji, na inawezekana, uniwie radhi, kwamba mawazo yalitoka ofisini kwenu. Andika ulichokiona na ukomee hapo. Wala usilipeleke jambo hili kwenye kundi la WhatsApp. Likifika huko halitakuwa tena suala la muhtasari, litakuwa suala la nani yuko upande wa nani, na ofisi ya watu kumi na mmoja haina nafasi ya pande mbili.

Unapoiwasilisha barua hiyo, uwe na kalenda mkononi. Wiki sita zinatosha kuitisha mkutano mwingine, ilimradi zisianze kuhesabiwa wiki ya tano. Mwenyekiti alikwisha kutamka kwamba mkutano utaitishwa tena, kwa hiyo hakuna anayedhalilika kwa kutimiza neno lake. Ulizeni kwa maandishi kwa mwanasheria wa halmashauri ya wilaya akidi inayotakiwa, ili safari hii isiwe ya kukisia. Siku isigongane na mnada, na saa isigongane na muda ambao akina mama wako kisimani. Kabla ya siku yenyewe, mtaalamu wa ramani aache kompyuta yake, aibebe ramani ile ile iliyotundikwa darasani na kuvuka nayo korongo hadi kwenye vitongoji vile viwili, aitandike chini ya mti, na aache watu waishike na kuyatafuta maboma yao kwa vidole. Nimewahi kumwona bibi mmoja akiitazama ramani ya namna hiyo kwa muda mrefu, kisha akauliza kwa nini mti wa mikutano umewekwa upande wa kushoto wa njia. Ulikuwa umekosewa kweli, na baada ya kurekebishwa ndipo kikao kilipoanza kuzungumza kwa dhati.

Kwa mfadhili, ripoti iseme kwamba mipaka imekubaliwa, bikoni zimesimikwa, kamati imechaguliwa, mkutano wa kwanza uliahirishwa kwa mvua na wa pili umepangwa tarehe fulani. Mgeni akifika kabla ya mkutano, apelekwe auone uwanda na azungumze na watu. Akifika siku ya mkutano, akae nyuma. Wakati huohuo kamati ya malisho iiandikie halmashauri ya kijiji kwamba hakuna ugawaji wowote wa ardhi katika eneo linalojadiliwa hadi mkutano mkuu ukae, na nakala iende kwa afisa ardhi wa wilaya. Barua hiyo ya aya mbili itamchelewesha mfanyabiashara kuliko muhtasari wa kubuni, kwa sababu inaweza kusomwa mbele ya mtu yeyote.

Kuhusu meneja wako, sina hakika kwamba ni mtu mbaya. Namwona kama mtu aliyebebeshwa hesabu za mishahara ya watu kumi na mmoja. Mpe nafasi ya kubadili msimamo bila watu kuona. Akikataa, nenda kwa mkurugenzi. Aliyelianzisha shirika ana jina lake humo, na kwa kawaida huliogopea jina hilo kuliko awamu moja ya fedha. Mkurugenzi naye akikataa, ipo bodi. Zungumza pia na mhasibu mapema, si kwa kumchochea, bali kwa kumuuliza tu kama anaweza kuambatisha muhtasari ule na risiti zake katika jalada moja. Wahasibu huelewa swali la namna hiyo haraka.

Na mkataba wa Desemba? Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini Na. 6 ya 2004 inasema wazi kwamba si sababu halali ya kumwachisha mtu kazi kwamba amekataa kufanya jambo ambalo mwajiri hana haki ya kumwamuru afanye. Ukiachishwa kwa sababu hiyo, una siku 30 za kufungua shauri mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na barua yako yenye tarehe ndiyo itakayokusemea, hivyo tunza nakala yake nyumbani. Sitakudanganya: kutoongezewa mkataba uliokwisha muda wake ni jambo gumu zaidi kulipigania kuliko kufukuzwa, na huenda Desemba ikakukuta bila kazi. Hilo lipime ukiwa macho, uzungumze na mkeo kama unaye, na uanze sasa kuweka akiba kidogo. Lakini lipime pia kwa upande wa pili: umezaliwa katika uwanda huo, na mashirika yatakuja na kuondoka, ilhali wale mama tisa utakutana nao kisimani na misibani maisha yako yote.

Kabla ya yote hayo, kuna mtu wa kuonana naye. Baba mdogo aliyekulea hapaswi kuyasikia mambo haya kutoka kwa meneja, wala kuyasikia mkutanoni. Nenda kwake kwanza, jioni ng'ombe wakiwa wamerudi, mkiwa wawili. Usimwambie kwamba amekosea. Mweleze habari ya 412 wa malisho na 412 wa maharage, unyamaze, umwache atafakari mwenyewe. Kisha mwombe kazi ambayo ni yeye tu anayeiweza: kuwavusha watu wa ng'ambo ya korongo siku ya mkutano wa pili, na kukaa na wajane wale kabla ya siku hiyo kama mzee, si kama kamati. Mwambie pia kwamba utaieleza ofisi kuwa ninyi ni ndugu na utaomba mwenzako ndiye ahesabu kura. Atanung'unika. Mwache anung'unike, unywe chai yake.

Nenda Jumamosi hii, ili Jumatatu uingie ofisini ukiwa umekwisha kuonana naye. Chukua sukari na majani ya chai. Na usiende na gari la ofisi.